Mwenye Nyumba wa Talahib

Watu wakishakufa au kuzeeka, wanaobaki huwapaka asali. Siku hizi utaambiwa Aling Opin alikuwa na sauti ya malaika. Si kweli. Alikuwa na sauti nene yenye mikwaruzo, sauti ya mwanamke aliyemaliza ujana wake akinadi vitafunio stendi ya mabasi ya San Abundio. Alichojaliwa ni pumzi. Akianza ubeti ataumaliza, moshi uwepo usiwepo, joto liwepo lisiwepo, hata kama wenzake upande wa pili wamesinzia midomo wazi. Na ndani ya gereza la Talahib pumzi ndiyo iliyotakiwa, malaika wangekuja kufanya nini kule.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teofista Macaraeg. Hiyo Aling ni heshima tu wanayopewa kina mama watu wazima. Wazazi wake walikuwa wakata miwa, bibi yake ndiye aliyemlea, na bibi huyo ndiye aliyemfundisha Pabasa. Kila Juma Kuu watu wa kule huketi pande mbili wakitazamana na kuimba mateso ya Bwana, tangu kuumbwa kwa dunia hadi kaburini, upande huu ubeti, upande ule ubeti, mchana na usiku, bila kukatisha hadi Ijumaa Kuu saa tisa alasiri. Waliochoka hupokewa na wengine. Opin alipokuwa mdogo, kila alipochelewa kudaka ubeti bibi alimtandika kofi la mgongo.

"Ukiacha mwanya, kuna mtu ataupitia," bibi alimwambia.

"Mtu gani?"

"Imba wewe."

Aliolewa na Elpidio, mkata miwa mpole kama maji ya mtungini, almradi asinywe. Siku moja akanywa. Ilikuwa kwenye mapambano ya majogoo, akabishana na mtu ni jogoo gani aliyetangulia kufa, na ubishi ulipokwisha majogoo wote wawili walikuwa wamekufa na yule mtu pia, kwa panga la miwa. Elpidio akapelekwa Talahib. Opin akabaki na mtoto mmoja, Ramil, na sufuria moja kubwa ya chuma.

Katika sufuria hiyo alipika wali wa kunata kwa tui zito na sukari guru, akauza, akaishi. Ramil hakuujali wali wenyewe. Alichotaka ni ukoko. Angeketi chini, sufuria katikati ya magoti, akikwangua kwa kijiko hadi mama yake amwambie atatoboa chuma. Akishiba alilala palepale jikoni, mashavu yamenata sukari, na mama yake alimbeba kitandani hivyohivyo bila kumnawisha.

Sasa Talahib. Zamani jengo lile lilikuwa bohari ya sukari. Wakati wa vita vya Wajapani, wenyeji wanasema, watu walifungiwa ndani pamoja na magunia, moto ukatiwa, na sukari ikayeyuka ikatiririka hadi barabarani. Baadaye serikali ikaona kuta bado nzima, ikaweka nondo madirishani. Wafungwa wanaamini kuna aliyebaki mle tangu siku ile. Hawamtaji kwa jina la shetani. Wanamwita Mwenye Nyumba, kwa sababu yeye ndiye wa kudumu na wao ni wapangaji. Mfungwa mgeni akitaka kujisaidia pembeni mwa ukuta hufundishwa kwanza kuomba radhi: samahani mwenyeji, napita. Askari nao, pamoja na bunduki zao, huwasha sigara wakaiacha kwenye ukingo wa kisima kikuu, ikajivuta yenyewe hadi mwisho.

Na Mwenye Nyumba ana dalili zake. Kabla damu haijamwagika, hutangulia harufu ya sukari inayoungua. Kisha mtu mmoja macho humgeuka, halafu wa pili, na watu walioshiriki sahani moja asubuhi wanachinjana kwa vyuma vya vitanda vilivyonolewa sakafuni. Likishapita, utawakuta wameketi, mikono imelowa damu, wakiuliza kumetokea nini. Mimi nimekaa sana na watu hawa, na sijawahi kumcheka hata mmoja kwa habari hii. Anayetaka kucheka aende akalale kule kwanza.

Makundi yalikuwa mawili, Nanga na Dhoruba, kila mtu na mchoro wa kundi lake kifuani. Hawakuchota maji bomba moja. Elpidio aliingia Nanga, kwa sababu nyapara wa Nanga, Isko, alikuwa mkata miwa mwenzake na baba wa ubatizo wa Ramil. Padri wa gereza alipomwona Opin akija kila Jumapili na kifurushi chake cha wali, akamwomba awaongoze wafungwa katika Pabasa. Opin akasema hao hawawezi kukaa pamoja dakika kumi. Padri akamjibu kwamba Pabasa haitaki wakae pamoja, inataka wakae pande mbili.

Mwaka ule wa kwanza watu wa mjini walisimama nje ya ukuta kusikiliza. Ndani, wanaume mia nne waliokuwa wakiwindana waliketi uwanjani, Nanga huku, Dhoruba kule, wakipokezana ubeti. Mtu aliyempiga mwenzake chuma cha mbavu mwezi uliotangulia alimwimbia mwenzake huyo, na mwenzake akaudaka ubeti na kuurudisha. Mabati ya paa yalitetemeka. Askari mmoja juu ya mnara alivua kofia bila kuamriwa na mtu. Opin alikuwa katikati yao akitoka jasho, nywele zimemsimama, na alisema baadaye kwamba aliogopa kuliko angeogopa wangekuwa wanapigana.

Juma lile lilipita bila tone la damu, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliona. Hapo ndipo imani ilipozaliwa: Pabasa isipokatika, Mwenye Nyumba hana pa kupitia. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa saa tisa hakuna kuinua chuma. Ikikatika, kila mtu na lake. Mwaka baada ya mwaka haikukatika.

Elpidio alikufa kwa kifua, mfungwa bado. Opin akaendelea kwenda. Kisha Ramil, kijana mzima sasa, akakamatwa na pikipiki ambayo haikuwa yake. Alisema ni ya rafiki. Rafiki alisema hamjui. Akatupwa Talahib kungoja kesi, na Isko akampa mkeka karibu na wake. "Shemeji, lala usingizi," Isko alimwambia Opin. "Huyu ni mwanangu pia."

Mwezi wa sita, ambao si mwezi wa kuimba, vurugu zikalipuka mle ndani. Ramil akaletwa langoni amefunikwa mkeka uleule.

Uchunguzi ulifanyika. Opin aliketi kwenye benchi la nyuma, ndala za Ramil ndani ya mfuko wa plastiki mapajani, akawasikiliza Dhoruba wakiitwa mmoja mmoja. Wote walisema neno moja. Harufu ilikuja. Sikumbuki. Hatukuwa sisi. Ofisa akauliza, kama si ninyi, ni nani, na askari aliyekuwa mlangoni, asiyeulizwa, akajibu, "Ni Mwenye Nyumba, bwana." Hakuna aliyeshtakiwa. Opin alirudi nyumbani na ndala zake.

Watu walidhani hatakanyaga tena Talahib. Juma Kuu lilipofika akajitwisha sufuria yake, akaenda. Mji ukamwita mtakatifu. Wanawake walimbusu mkono kanisani, naye akawaacha. Aliyejua ukweli alikuwa mtu mmoja, Luming, jirani yake aliyekwenda naye kila mwaka kupika.

"Dada, wewe moyo wako ni wa namna gani?" Luming alimuuliza siku moja wakimenya tangawizi. "Mimi ningewatilia sumu kwenye chai hii."

"Sijaenda kuwasamehe."

"Umeendea nini basi?"

"Nawasikiliza. Mtu anaweza kumdanganya ofisa. Hawezi kuimba siku tano koo lake likadanganya siku zote tano. Mmoja wao ataniambia."

"Na kama kweli alikuwa Mwenye Nyumba?"

Hilo ndilo lililomnyima Opin usingizi. Mtu unaweza kumchukia, ukamwombea, ukamtemea mate. Shetani utamfanya nini, na mwanao amelala ardhini? Alitaka mtu. Mmoja tu, mwenye jina na mama yake.

Mwaka wa kwanza alizichuja sauti, na wa pili, na wa tatu. Kila mwaka aliwaondoa wachache. Wa kwanza kabisa kumwondoa alikuwa Goding, kiongozi wa waimbaji wa Dhoruba, jitu la mabega mapana lenye sauti tamu ambayo haikustahili mahali pale. Huyo hapana, alimwambia Luming. Goding ndiye aliyembebea sufuria toka langoni. Goding ndiye aliyekuwa akitaniana naye.

"Mama, mwaka huu nitakuacha njiani," angemwambia.

"Uniache wapi? Wewe ukipanda ngazi tatu unahema kama nguruwe mwenye mimba."

"Nguruwe anaimba hivi?"

"Anaimba vizuri zaidi, na analiwa."

Dhoruba wangecheka, hata baadhi ya Nanga, na Opin mwenyewe angecheka akiwa amegeuka pembeni.

Kulikuwa na mahali pamoja katika Pabasa ambapo Talahib walikuwa na desturi yao. Mama anakutana na mwanawe njiani, mwana amebeba msalaba. Hapo wengine wote hunyamaza wakawaachia viongozi wawili tu. Ubeti wa mama huuliza: ni mkono wa nani uliokufanya hivi? Ubeti wa mwana humpoza mama. Kwa jinsi zamu zilivyopangwa, mama alikuwa Opin siku zote, kwa upande wa Nanga, na mwana alikuwa Goding. Tangu Ramil afe, Opin alikuwa ameuliza swali hilo kila Alhamisi Kuu mbele ya watu wote, na kila Alhamisi Kuu Goding alikuwa amemjibu kwa sauti yake tamu kwamba asilie.

Ukaja mwaka wa tisa. Wiki moja kabla ya Juma Kuu, kijana wa Nanga alichomwa chuma bombani na mtu wa Dhoruba, akafa kabla ya kufika zahanati. Nanga hawakulia. Walinoa. Usiku kucha ilisikika sauti ya vyuma sakafuni, na askari wakaongeza sigara kisimani. Bwana jela alitaka kuifuta Pabasa mwaka huo, asiwakusanye uwanjani watu wa namna hiyo. Isko na Goding, ambao hawakuwa wamesemezana miaka, walimwendea kwa pamoja kumwambia asithubutu. Bila Pabasa kila kitu kingelipuka Jumatatu. Ikiwepo, angalau watu wangeishi hadi Ijumaa saa tisa. Bwana jela akakubali, ila askari wote wakae nje ya ukuta. Yeye hakuwa tayari kuzika askari.

Opin alijua yote haya alipoingia. Aliona namna Nanga walivyoketi, shuka mabegani katika joto lile, mikono haionekani. Isko alikuwa amekonda.

"Shemeji, ushike uzi usikatike," alimwambia. "Mwaka huu hatuimbi, tunashikilia ukuta usituangukie."

Waliimba Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi alfajiri ilikuwa zamu ya wazee, na mzee mmoja wa Nanga, usingizi ukiwa umemwelemea, akaruka ubeti mmoja mzima. Kule Pabasa hairudi nyuma. Ubeti ukirukwa umerukwa, na aliye mbele yako anadaka pale ulipoangukia. Kwa hiyo zamu zote zikahama kwa hatua moja, aliyekuwa wa kwanza akawa wa pili. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo. Opin mwenyewe alilitambua mchana, jua likiwa limeegemea upande wa jikoni, alipoona kurasa chache tu za kitabu zimebaki kabla ya mama na mwana. Akahesabu kwa vidole chini ya leso yake. Mwaka huu yeye angekuwa mwana. Mama angekuwa Goding.

Alimtazama ng'ambo ya uwanja. Goding naye alikuwa akihesabu kwa vidole.

Wengine wakanyamaza kama ilivyo desturi. Luming alitoka jikoni kuja kusikiliza, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Goding alisimama. Aliuanza ubeti vizuri, mama anamwona mwanawe kwa mbali, mama anasogea. Kila mtu alisikia sauti yake ilivyokuwa siku hiyo, laini, karibu ya mwanamke. Akafika kwenye swali. Akasema, "Ni mkono wa," na hapo sauti ikamwisha.

Akajaribu tena. Kinywa kilifunguka, hakikutoka kitu.

Sheria ilikuwa nyepesi na kila mtu aliijua. Upande mmoja ukishindwa, upande wa pili hudaka na kuimba ubeti wa wenzao. Watu mia nne wakamgeukia Aling Opin. Pumzi alikuwa nayo tele. Alikuwa ameinua kifua tayari, kwa mazoea. Kisha akamtazama Goding usoni, akaona, na akakishusha kifua chake polepole.

Hakudaka.

Ndugu zangu, yeye alijua. Alijua nini kiko chini ya zile shuka. Alijua wangapi wangekufa. Alikaa kimya kwa hiari yake, na hadi leo wako San Abundio wasiomsamehe kwa hilo.

Ukimya ukaingia Talahib. Mahali pale hapajawahi kuwa kimya. Hata usiku watu hukohoa, hulia, husali, hupiga kuta. Sasa lilisikika bomba likidondosha maji. Isko alimtazama Opin asiamini. "Shemeji," alinong'ona. "Daka." Opin akatikisa kichwa.

Ndipo harufu ilipokuja.

Sukari inayoungua. Ilianza kidogo, kisha ikajaa uwanjani, nzito na chungu. Mzee mmoja alianguka kifudifudi. Mwingine akasema, "Amefika," bila kupaza sauti, kama mtu anayetangaza basi. Shuka zikadondoka na vyuma vikaonekana, Nanga wote wakasimama, na Dhoruba ng'ambo nao wakasimama, na vyao walikuwa navyo pia. Kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake amwone macho yakigeuka. Opin aliingojea nafsi yake mwenyewe imgeuke. Alikuwa na hofu kubwa, na ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kama furaha, kwamba leo atamwona uso kwa uso.

"Ni wali," Luming alisema kutoka mlangoni. "Ni wali, jamani. Nimeacha sufuria motoni."

Hakuna aliyecheka. Walisimama hivyohivyo, vyuma mkononi, wakingoja kupandwa, na jua likiwachoma, na hakuna aliyekuja. Mtu mmoja wa Dhoruba alianza kulia kwa sababu hiyo tu, kwamba alikuwa ameinua mkono na mkono ulikuwa bado ni wake.

"Siku ile haikuwepo," Goding alisema.

Sauti yake ilikuwa imerudi, lakini si ile tamu.

"Harufu hii, Mama. Siku ya Ramil hapakuwa na harufu. Tulisema baadaye, tulipokuwa tumeketi tunangoja kuulizwa. Mimi ndiye niliyeanza, wengine wakafuata. Ramil alinukia sabuni. Alikuwa ametoka kuoga. Hakuna aliyenipanda, akili zangu zilikuwa timamu. Nilimwona anaogopa na nikaendelea."

Opin alisikia maneno yale yakimwingia moja moja. Miaka tisa alikuwa amejiandaa kwa sauti mbaya, sauti ya kukwaruza, mtu asiye na macho. Kumbe ni huyu wa kumbebea sufuria. Akashika bega la mtu aliyekuwa karibu naye, asijue hata ni la nani.

Isko alikuwa ameshapita katikati ya uwanja. Chuma chake kilikuwa kirefu, kimefungwa kitambaa mpinini. Goding hakurudi nyuma wala hakuinua mikono.

"Shemeji," Isko alisema bila kugeuka. "Sema neno moja tu. Moja."

"Umepandwa na nani, Isko?"

"Sijapandwa."

"Kweli?"

"Nimesema sijapandwa. Nina akili zangu. Huyu alimuua mtoto niliyemshika kwenye maji ya ubatizo."

"Basi mchome," Aling Opin alisema. "Ila ukimaliza, uje hapa mbele yangu, useme ni wewe. Useme ni Isko, kwa mkono wake. Na ninyi wengine vivyo hivyo, kila atakayechoma aje aseme jina lake na jina la mama yake. Mimi habari za Mwenye Nyumba sitaki kuzisikia tena maisha yangu yote."

Isko alisimama. Waliokuwapo wanasema alikitazama kile chuma muda mrefu, akakigeuza, akatazama vidole vyake vilivyokishika. Alikuwa amechoma watu maishani mwake, na si mmoja. Kila mara palikuwa na harufu. Sasa palikuwa na harufu na alijua ni ya nini. Akaketi chini palepale mchangani, mtu mzima, nyapara wa Nanga, kati ya makundi mawili.

Mmoja wa vijana wake naye akaketi. Kisha mwingine. Vyuma havikutupwa, nisikudanganye, viliwekwa tu chini ya makalio. Lakini niliowasikia wakisimulia, watu wazima walioona mengi, wakifika hapa hushusha sauti, na mikono huwasisimka vinyweleo. Walizoea kuogopa yule anayekuja. Siku hiyo waliogopa kwa sababu hakuja.

"Goding," Opin aliita. "Ubeti wako hujaumaliza."

"Pabasa hairudi nyuma, Mama."

"Imeshakatika. Rudi ulipoishia."

Goding akarudi. Akauliza swali lile, ni mkono wa nani, akalimaliza, kwa sauti iliyopasuka ambayo bibi yake Opin angeitandika kofi. Na Opin, kwa kuwa zamu ilikuwa yake, akadaka. Mwaka huo yeye ndiye aliyekuwa mwana, na ubeti wa mwana ni wa kumpoza mama. Aliuimba wote hadi mwisho kwa ile sauti yake ya stendi, macho makavu, akimtazama aliyemuua mwanawe. Nanga wakapokea, kisha Dhoruba.

Baadaye Goding alilirudia neno lake mbele ya bwana jela, na mbele ya hakimu, akaongezewa kifungo ambacho hatakimaliza akiwa hai. Wako wanaoshikilia kwamba Mwenye Nyumba alikuwepo Alhamisi ile, na kwamba ni yeye aliyemsahaulisha Luming sufuria. Sigara bado zinawashwa kisimani. Na Ijumaa ile saa tisa Pabasa ilipokwisha, kila mtu alikaa mkao wa kungoja, pakapita saa kumi, pakapita jioni, na kengele ya chakula ikalia.

Lakini Alhamisi yenyewe, waliopokea zamu walipokwisha kuketi, Aling Opin alikwenda jikoni. Luming alikuwa akilia juu ya wali ulioharibika. Opin alimsogeza kando, akainamisha sufuria, akakwangua chini kwa kijiko. Ukoko ulikuwa umeungua, mweusi upande mmoja, wa kahawia upande wa pili, unanata. Akauweka juu ya jani la mgomba.

Goding alikuwa ameketi peke yake ukutani. Dhoruba walikuwa wamemwachia nafasi pande zote. Opin alikwenda akasimama mbele yake, na waimbaji wengine wakapunguza sauti bila kuikata.

"Huu ulikuwa wa Ramil," alisema.

Goding alitazama jani, hakulipokea.

"Mama, siwezi."

"Sijakusamehe," Aling Opin alisema. "Kula."

Alimwekea jani magotini, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa pale, akamtazama akila hadi alipomaliza.